Kura Haikuletwa na Ukimya

Majuzi nilikaa na wazee kwenye msiba huko Uru, chini ya migomba, kata ya mbege ikizunguka. Mazungumzo yakafika kwenye uchaguzi. Meku mmoja, mzee ninayemheshimu sana, akasema: "Sisi tulipata kura na uhuru kwa utulivu. Hawa vijana wanaodai sheria za uchaguzi zibadilishwe wameiga mambo ya nje." Wengi wakaitikia. Nilinyamaza, maana msibani si mahali pa kubishana na mkubwa. Lakini kauli hiyo haipo Uru tu. Inasikika sokoni Mbuyuni, kwenye daladala za Marangu, makanisani na majukwaani, na imerudiwa mpaka ikageuka kuwa historia.

Si historia. Ni hadithi tuliyojitungia, na hakuna mahali inapokanushwa waziwazi kama kwenye mlima huu wa Kilimanjaro.

Tuanze na kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU, na baadaye ikatoka amri kwamba kahawa yote ya Wachagga ipitie huko. Bei ilikuwa imeporomoka baada ya uchumi wa dunia kuanguka mwaka 1929. Mkulima alibeba gunia lake mpaka ghalani bila kuwa na la kusema juu ya bei wala juu ya mnunuzi. Mwaka 1937 hasira ikafurika, na watu wakavunja maghala ya kukusanyia kahawa.

Utauliza, kahawa inahusiana nini na kura? Inahusiana sana. Amri ile ilipitishwa na wamangi, watawala wetu wa jadi, wakishauriana na maofisa wa Kiingereza, na hakuna mkulima aliyekuwa amempigia kura hata mmoja wao. Mtu alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, miche na deni, lakini hakuwa na sauti. Wanaume waliovunja maghala hawakutumwa na mtu kutoka nje. Walitoka migombani.

Sisifu uvunjaji ule. Serikali iliuzima, na amri ikabaki palepale. Ila lalamiko halikufa. Kila anayetumia mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, anajua: ukiziba maji kule juu hayakauki, yatapasua ukingo mahali usipopatarajia.

Yalipasua. Mwaka 1946 serikali iligawa Uchagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na kila moja ikawekewa mkubwa juu ya wamangi wengine. Wananchi hawakuwachagua. Mwaka 1949 Petro Njau na yuleyule Merinyo wakaanzisha Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Safari hii hawakushika mawe. Walizunguka kijiji kwa kijiji, wakaandikisha wanachama, wakadai jambo moja linaloeleweka na kila mtu: anayetutawala tumchague sisi. Serikali ikalazimika kukubali uchaguzi, na mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa kuwa Mangi Mkuu akiwa na kura za watu, akiwa amewashinda wale waliowekwa.

Hawakuishia hapo, na hapa ndipo hadithi ya utulivu inapovunjika kabisa. Baada ya miaka michache waligundua kwamba kumchagua mtu kwenye kiti kisicho na ukomo ni kupata nusu ya kura, kwa sababu hakuna siku ya kumhoji. Marealle alikuwa msomi, na mwaka 1957 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuizungumzia Tanganyika. Pamoja na sifa hizo, mwaka 1958 Solomon Eliufoo na wenzake waliunda Chagga Democratic Party wakitaka kiongozi anayechaguliwa kwa muda maalumu. Mikutano ikawa mikali, ndugu wakagawanyika, na mwaka 1960 wananchi wakapiga kura kuamua. Kwa wingi mkubwa wakauondoa umangi mkuu, wakachagua kuwa na rais wa baraza. Watu walewale walikibadilisha kiti walichokidai wenyewe miaka minane tu nyuma. Hayo yalikuwa mageuzi ya uchaguzi, na yalifanywa na babu zetu.

Kura ya taifa nayo haikuja kwa ukarimu. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, Mwingereza alitupa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kuandikishwa kulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kuwa na cheo kilichotambuliwa. Mama aliyechuma kahawa na kuibeba kichwani, ikauzwa kwa jina la mumewe, angeonyesha kipato gani? Katika nchi ya watu karibu milioni 9 waliandikishwa wapatao 60,000. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, nusura uvunjike kwa sababu ya masharti hayo. TANU iliamua kuingia ili iyavunje ikiwa ndani, na katika uchaguzi wa 1960 utaratibu wa kura tatu haukuwepo tena.

Hata hao Waingereza tunaosimuliwa kwamba walitupa kura kistaarabu waliipata kwao kwa machozi. Mwaka 1819, kwenye uwanja wa St Peter's mjini Manchester, askari wa farasi waliukatakata kwa mapanga umati uliokuja kudai uwakilishi bungeni. Mwaka 1831 Bristol iliwaka moto baada ya Baraza la Mabwana kuukataa muswada wa mageuzi ya uchaguzi. Sheria ya 1832 ilipopita, iliwaacha nje vibarua wengi kwa kigezo cha mali, kama sisi tulivyoachwa nje kwa pauni 150.

Najua jibu litakalokuja: amani kwanza. Nakubali kwamba amani ni mali kubwa, na asiyeijua thamani yake awaulize waliokimbia nchi zao. Lakini amani na ukimya ni vitu viwili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe 29 Oktoba 2025 tulipiga kura ambayo chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi. Maandamano yakazuka, intaneti ikazimwa, watu wakafa. Nani alivunja amani siku ile litajadiliwa miaka mingi. Mimi nasema madai hayakuanza siku ile. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo Arusha, iliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mpaka leo mtu asiye na chama hawezi kugombea hata udiwani.

Kwa hiyo anayedai sheria ya uchaguzi ibadilishwe, kwa mdomo wake, kwa saini yake, kwa mkutano wake, si msaliti wa mlima huu. Anafuata nyayo za Njau, Merinyo na Eliufoo. Anayehatarisha amani ni yule anayemziba mdomo, kisha anashangaa ukingo unapopasuka.

Meku wangu wa Uru, mwaka 1960 baba yako alipiga kura ya kuamua Wachagga waongozwe vipi. Ilipatikana baada ya kudaiwa kwa zaidi ya miaka 20, tangu enzi za maghala. Waambie wajukuu hivyo, na uwaambie yote.