Pikipiki ya Zamani Nyumbani: Usalama Usiishie Mlangoni mwa Mgodi

Kila asubuhi kabla ya kuingia mgodini unavaa kaske na buti, na unangoja shefu wako akuambie kama hewa ya ndani ni nzuri. Huoni haya kungoja, kwa sababu unajua mgodi hauna huruma. Lakini jioni unarudi nyumbani, unaegemeza pikipiki yako ya zamani jikoni, unafunga mlango kwa ajili ya baridi, unawasha taa ya petroli, na unaanza kufungua karbirateri. Zile sheria zote umeziacha kazini. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili.

Sisemi kufufua pikipiki ya zamani ni kosa. Katika milima yetu ya Masisi pikipiki ni miguu ya watu. Inabeba maharagwe na viazi, na usiku inampeleka mama mjamzito kujifungua. Chukua ile Yamaha AG 100, ambayo wengi tunaijua: injini yake inapozwa na upepo tu, mnyororo umefunikwa usiliwe na matope, na fundi anaifungua kwa funguo chache. Mwenye akili hatupi chombo kama hicho kwa sababu ya kutu. Namsifu anayekitengeneza kwa mikono yake.

Mimi pia ninayo moja, niliyoachiwa na baba yangu mdogo. Msimu wa mvua uliopita niliiingiza jikoni. Nilisafisha karbirateri, nikabadili bugi, nikapiga teke la kwanza, la pili, na la tatu injini ikaitika. Furaha ilinishika! Nikaiacha iungurume nisikilize sauti yake. Mlango ulikuwa umefungwa, mvua ilikuwa inapiga mabati. Punde kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni njaa. Binti yangu aliyekuwa ameketi juu ya gunia akaniambia, «Baba, nataka kulala.» Aliposimama, miguu ikakataa. Bibi yangu ndiye aliyefungua mlango na kupiga kelele. Tulimtoa mtoto nje, katika mvua ile ile, naye akapata nguvu polepole. Mimi ndiye ninayewafundisha ninyi juu ya hewa mbaya! Naandika haya kwa aibu, ili wewe usingoje kufundishwa namna hiyo.

Moshi wa injini una gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua na bado mwili wake unakosa hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi. Jiko la makala katika chumba kilichofungwa linatoa gesi hiyo hiyo.

Hatari ya pili ni esansi. Sisi hapa pikipiki tunaiita moto, na jina hilo ni onyo tosha. Baridi yetu haizuii esansi kutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye jiko au taa, na moto unarudi kwako kwa kufuata njia hiyo hiyo. Tena ujue kwamba tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Anayelichomelea bila kuliosha vizuri anachomelea bomu.

Basi nakushauri hivi:

1. Injini iwashwe nje tu. Kufungua dirisha hakutoshi.
2. Esansi imiminwe nje, mchana, mbali na jiko, taa, na sigara.
3. Usivute esansi kwa mdomo katika mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.
4. Esansi uliyonunua kwa Kadafi wa barabarani usiiache katika chupa ya maji au ya bia. Mtoto hajui tofauti. Akiinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mawese; mpeleke kwa muganga upesi.
5. Vumbi la fren za zamani usilipulize. Huenda lina asibesto, inayoharibu mapafu miaka mingi baadaye. Futa kwa kitambaa chenye maji.
6. Tangi lililotoboka mpe fundi anayejua kuliosha na kulijaza maji kabla ya kuchomelea.
7. Ukiungua, tia mahali hapo katika maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Wenzangu wengine wanasema, «Nyumbani ni kwangu, ukurasa huu usiingie huko.» Mimi sikubali. Mapafu unayoyaleta kazini ni yale yale uliyolala nayo. Tena mgodini unajihatarisha wewe na wenzako, watu wazima waliofundishwa. Jikoni unawahatarisha watoto, ambao hakuna aliyewapa kaske wala kuwauliza.

Wazo langu ni hili: katika kila mtaa wa wafanyakazi, wenye pikipiki za zamani wasimamishe kibanda kimoja kisicho na kuta, nguzo nne na mabati, mbali na nyumba, na ndoo ya mchanga kando. Mabati machache tunaweza kuchangishana. Huko mtatengeneza pamoja, na aliye fundi atamfundisha asiye fundi.

Pikipiki yangu sasa inatembea vizuri. Binti yangu huipanda nyuma yangu siku ya Jumapili. Lakini kila nikiiwasha, nahakikisha kwanza tuko nje.

Ndugu mfanyakazi, sheria ya usalama haina saa ya kutoka kazini. Irudi nawe nyumbani.