KURA SI ZAWADI

Kila chama cha wananchi kina siku yake ya mtihani, nayo ni siku ile kinapotakiwa kuwapa haki watu ambao huenda wakaitumia kukipinga. Siku hiyo ilifika katika Bunge la Hispania tarehe 1 Oktoba 1931, na aliyeusimamia ukweli alikuwa mwanamke, Clara Campoamor.

Twataka wafanyakazi wamjue, maana alikuwa mwenzao. Alizaliwa Madrid mwaka 1888. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, naye akaacha shule akashika sindano. Alishona nguo, akauza dukani, akawa karani wa simu, akafundisha kupiga taipu. Vitabu alivirudia ukubwani, na mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 36, akapata shahada ya sheria.

Mfalme alipoondoka mwaka 1931 na Jamhuri kusimama, mwanamke aliruhusiwa kuchaguliwa, bali hakuruhusiwa kuchagua. Campoamor akaingia Bungeni kwa Chama cha Radikali. Waliompinga hawakuwa maadui wa Jamhuri, walikuwa wenziwe. Wengi wa chama chake walimwacha, na Victoria Kent, mbunge mwanamke kama yeye, alitaka jambo hilo liahirishwe. Walihofu kwamba mwanamke atapiga kura kama atakavyoagizwa na padre. Yeye akawajibu kwamba uhuru hujifunzwa kwa kuutumia. Kura 161 zilikubali, 121 zikakataa. Mwezi Desemba wapinzani wakajaribu tena kuichelewesha haki hiyo, wakashindwa kwa kura 4 tu.

Mwaka 1933 wanawake walipiga kura, na vyama vya kulia vikashinda. Lawama ikamwangukia yeye. Alipoteza kiti, akakiacha chama chake mwaka 1934, na chama kingine alichoomba kuingia kikamkataa. Vita vya 1936 vikamtoa nchini, akafa ugenini Lausanne, Uswisi, mwaka 1972, miaka mitano kabla ya uchaguzi huru kurudi kwao.

Wako watakaosema kwamba walioonya walisema kweli. Sisi hatukubali. Wanawake wale wale walipiga kura Februari 1936, na vyama vya kushoto vikashinda. Ikiwa kura yao ilikuwa sumu mwaka 1933, iligeukaje dawa mwaka 1936? Tofauti ni hii: mara ya kwanza Warepublika na Wasoshalisti walikwenda mbalimbali, mara ya pili walikwenda pamoja. Utengano wao ndio uliowaponza, wakautwika mzigo huo mabegani mwa mwanamke.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki haitolewi kwa kupima atakayenufaika nayo. Chama kinachoiogopa kura ya watu wake hakina budi kujiuliza kimewatendea nini.

Nasi ndugu wanachama tujiulize. Katika mikutano ya matawi yetu, mwenzetu asimamapo peke yake na kusema neno lisilopendeza, je, twampima kwa ukweli wa neno lake, au kwa hasara tunayoihofia?