Upepo ni wa bure, mashini haiko ya bure



Mazutu ya mashini ya kusaga inakula faida yetu, na kwenye mikutano mingi tunasikia swali moja: kwa nini tusinunue mashini ya upepo? Swali ni la muzuri. Lakini mbele ya kufungua sanduku ya koperative, tuelewane juu ya mambo matatu.

La kwanza ni upepo wenyewe. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Ukipungua nusu, nguvu inabakia moja juu ya nane. Mapanga yenye upana wa metre 3, kwenye upepo wa metre 3 kwa sekunde, yatatoa karibu wati 30: taa chache na simu za kuchaji. Kusaga muhindi, hapana! Kwenye metre 6 kwa sekunde, mapanga yaleyale yatatoa zaidi ya wati 200. Inchi yetu iko kwenye ikweta, na fasi nyingi upepo ni mudogo. Njo maana tunasema: pimeni kwanza, mwaka muzima, pale penyewe mashini itasimama.

La pili ni jenereta. Tuliona koperative moja iliyofunga alternateri ya gari. Ile inataka kuzunguka karibu mara 1000 kwa dakika ao zaidi ili ianze kuchaji, lakini mapanga ya metre 3 yanazunguka karibu mara 200. Wakatia mukaba wa kuongeza mwendo, mukaba nao ukakula nguvu. Kisha sharbo, vile vipande vya makaa vinavyosugua ndani ili kupitisha umeme, vikaisha. Kila mara mutu apande juu ya mulingoti kuvibadilisha.

Kuna jenereta ingine, ya reluktansi. Kinachozunguka ndani yake ni chuma tupu chenye meno: hakina sharbo, hakina waya, hakina sumaku. Waya zote ziko pembeni, zimesimama. Zikipewa umeme kidogo wa betri, zinashika jino la chuma lililo mbele yao. Upepo unalilazimisha jino kuachia, na ile nguvu ya kuling'oa njo inageuka umeme. Kinachochakaa kwa kuzunguka ni rulema tu.

Tunaipenda, lakini hatutaki kuwadanganya. Sanduku ya elektroniki njo inaongoza kila kitu: inawasha na kuzima waya kufuatana na fasi jino liko. Ikiungua, mashini yote inalala. Tena nafasi kati ya meno na chuma kilichosimama chenye kubeba waya iko ndogo sana, mara nyingi chini ya milimita moja. Rulema zikilegea, chuma kinagusa chuma.

La tatu ni majaribio. Musilipe kwa sababu ya karatasi yenye picha. Jenereta ifungwe chini, izungushwe na moteri mara 100, 200, kisha 300 kwa dakika, ikiwa imebeba balbu. Pimeni volti na ampere, zidisheni: hizo njo wati zenu. Muiache masaa mbili, kisha muguse. Ikichoma mukono, ulizeni sababu mbele ya kulipa. Jenereta isiyobeba kitu inaweza kuonyesha volti nyingi, lakini volti peke yake haisagi unga.

Mawazo yetu ni haya. Koperative isinunue jenereta yoyote, hata ile isiyo na sharbo, kama hakuna fundi wa karibu anayeweza kutengeneza sanduku yake, ao sanduku ya pili isipoletwa pamoja na mashini. Na pale kuna mutoni unaoteremuka mwaka muzima, tuanze na maji. Maji inafanya kazi muchana na usiku, na mutoni mudogo unapimwa kwa ndoo na saa.

Franga za sanduku ni jasho la mavuno yetu. Koperative iliyopima, hata ikiamua kutonunua, imeisha kupata faida.