Gari la spoti lisikaushe mtaji wa duka

MFANYABIASHARA mdogo wa Dar es Salaam anapoanza kupata faida ya kueleweka hununua kiwanja, kisha pikapu ya kubebea mzigo, kisha gari la familia. Wapo, hasa vijana, ambao wakifika hapo huanza kutamani kitu kingine: gari la spoti. Mmoja huitaka Subaru Impreza WRX, mwingine Mazda Roadster ya viti viwili, Toyota 86 au Nissan Fairlady Z.

Magari hayo ya Japani yana usukani wa kulia, hivyo huingia nchini bila kubadilishwa kitu. Kule Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo. Wenye magari wengi huona heri kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya minada ya huko kujaa magari mazima kwa bei inayomshawishi mtu wa Kariakoo au Gerezani.

Si kosa mtu aliyefungua duka alfajiri kwa miaka kumi kujinunulia kitu cha kumfurahisha. Kosa linaanza pale fedha za gari zinapotoka katika fungu la kununulia mzigo. Gari la kwanza la spoti si kitega uchumi, na anayelinunua hana budi kulihesabu kama matumizi yake binafsi, yanayolipwa na faida aliyokwisha kuipata.

Hesabu ianze bandarini. Wengi huangalia bei ya gari likiwa Japani, wakaongeza nauli ya meli na bima ya safari, wakadhani safari imekwisha. Tuchukue mfano wa gari lenye injini ya lita mbili, lililopita umri wa miaka kumi, ambalo thamani yake ya forodha likifika Dar es Salaam ni shilingi milioni 12. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 3. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini hiyo hukokotolewa juu ya milioni 15, nao ni shilingi 750,000. Halafu unakuja ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi, yaani milioni 4.5. Jumla inakuwa milioni 20.25, na juu yake inapigwa VAT ya asilimia 18, ambayo ni zaidi ya milioni 3.6.

Gari la milioni 12 limekuwa la karibu milioni 24 kabla ya tozo ndogo, malipo ya bandari, wakala wa kutoa mizigo na usajili. Injini ikizidi lita mbili, kama ile ya lita 3.5 ya Fairlady Z iliyotoka mwaka 2002, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 10.

Tena TRA haifuati risiti ya mnunuzi peke yake. Ina mfumo wake wa thamani ya magari yaliyotumika, na aliyeokota bei nzuri mnadani anaweza kukuta kodi imekokotolewa juu ya thamani kubwa kuliko aliyolipa. Kikokotoo cha mamlaka hiyo kipo kwenye intaneti, na mtu mwangalifu hukifungua kabla ya kutuma hata dola moja Japani. Viwango vyenyewe huweza kubadilika kila bajeti ya Juni inaposomwa.

Sasa tuseme mnunuzi ana milioni 4 mkononi na anahitaji mkopo wa milioni 20 kwa miaka mitatu. Wakopeshaji wawili wanamtajia riba ileile ya asilimia 17 kwa mwaka. Kwa wa kwanza, riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua. Mkopaji atalipa kama shilingi 713,000 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama milioni 5.7. Kwa wa pili, riba haipungui. Inahesabiwa juu ya milioni 20 zile zile mpaka mwezi wa mwisho, hata kama nusu ya deni imekwisha kulipwa. Huyo atadai karibu shilingi 839,000 kwa mwezi, na riba yote itafika milioni 10.2.

Tofauti ni milioni 4.5, na asilimia iliyotajwa mezani ni moja. Anayeuliza riba ni asilimia ngapi, asiulize inahesabiwa juu ya nini, anauliza nusu ya swali. Swali kamili ni: hadi senti ya mwisho, pamoja na ada ya mkopo na bima yake, jumla nitarudisha shilingi ngapi?

Lipo pia suala la dhamana. Gari lenye umri wa miaka kumi na zaidi si dhamana inayomvutia mkopeshaji. Ndiyo maana mwenye haraka hushawishika kuweka hati ya nyumba, au kuomba mkopo wa biashara kwa maelezo kwamba anakwenda kununua mzigo. Njia hii ya pili ndiyo iliyo mbaya zaidi. Kwanza ni kumdanganya mkopeshaji na kuvunja mkataba. Pili, marejesho yalipangwa kwa kutegemea mauzo ya mzigo ambao haukununuliwa. Mwezi wa tatu rafu zinaanza kuonekana nyeupe, mteja anaambiwa arudi kesho, naye kesho anakwenda duka la jirani.

Kuhusu nyumba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale nyumba ya familia inapowekwa rehani. Kifungu hicho kina hekima yake. Mume anayeona taabu kumweleza mkewe, au mke kumweleza mumewe, kwamba paa la watoto linawekwa rehani kwa ajili ya gari la viti viwili, amekwisha kupata jibu la kama gari hilo analimudu.

Wapo watakaosema wao hawakopi, wanalipa taslimu. Nao wana gharama yao. Milioni 24 zilizokuwa kwenye mzigo unaozunguka mara sita kwa mwaka, kila mzunguko ukiacha asilimia 4 baada ya pango, usafiri na kodi, zingeleta kama milioni 5.8 kwa mwaka. Gari lililolipiwa taslimu kutoka dukani linakula kiasi hicho kila mwaka hata likikaa limefunikwa turubai.

Gari lenyewe nalo halikai bure. Anayekopeshwa kwa kawaida hutakiwa kukata bima kubwa, ambayo mara nyingi huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 24 hiyo ni shilingi 840,000, na pamoja na VAT inakaribia milioni moja kwa mwaka. WRX ina tabo, na injini yake ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012, huwadanganya wengi kwa sababu vitabu vinaonyesha lita 1.3. Injini yake ni ya kuzunguka, isiyo na pistoni za kawaida. Inakunywa petroli kuliko magari mengi ya ukubwa huo, na imeundwa kuchoma oili kidogo kidogo inapofanya kazi. Si kila fundi wa mtaani aliwahi kuifungua. Ongeza matairi mapana, klachi, shokapu na bampa la chini linalokutana na matuta ya barabarani, na busara inataka mwenye gari atenge walau shilingi 350,000 kwa mwezi kwa mafuta na matengenezo.

Hoja mbili hutolewa kutetea ununuzi wa haraka. Ya kwanza ni kwamba magari ya spoti ya Japani yanapanda bei. Ni kweli kwa machache. Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti yake ya usalama ya magari mapya, na wanunuzi wa huko wamepandisha bei ya Nissan Skyline GT-R na Toyota Supra ya miaka ya 1990. Lakini wanaolipa bei hizo wanataka gari ambalo halijachezewa, lenye kumbukumbu zake zote. WRX iliyobadilishwa ekzosi na rimu Dar es Salaam haimo katika kundi hilo. Hata soko la jirani halisaidii, kwani Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Mnunuzi wake atabaki kuwa kijana mwingine wa mji huu huu, naye atataka kupunguziwa.

Hoja ya pili ni kwamba gari huleta heshima, na heshima huleta mali kauli. Hapo napo pana ukweli kidogo, maana biashara ni kuaminiana. Lakini muuza jumla anayetoa mzigo kwa mali kauli hutazama daftari lake: nani alilipa kwa siku aliyoahidi. Akiona mteja anashuka kwenye gari jipya la mbwembwe huku deni la mwezi uliopita halijaisha, atafunga daftari mapema.

Basi nani analimudu? Kipimo kipo, na hakihitaji mtaalamu. Mwenye nia ajumlishe rejesho la shilingi 713,000, bima ya kama 83,000 kwa mwezi, na 350,000 za mafuta na matengenezo. Inakuwa kama shilingi 1,146,000. Kiasi hicho akitoe kila mwezi kwa miezi 12 na kukiweka kando, benki au katika mfuko wa pamoja wa uwekezaji kama ile ya UTT AMIS, bila kugusa fedha za mzigo, ada za shule wala pango. Akishindwa mwezi wa nne, ameshindwa bila kudaiwa na mtu, na fedha bado ni zake.

Akifaulu, mwisho wa mwaka atakuwa na milioni 13.7, mbali na faida ya akiba yenyewe. Akiongeza zile milioni 4 za mwanzo, mkopo anaouhitaji ni kama milioni 6.3. Kwa riba ile ile ya asilimia 17 juu ya salio linalopungua, akiulipa kwa mwaka mmoja, riba yote haifiki laki sita. Badala ya milioni 5.7!

Atakayesema kwamba kusubiri nako kuna hasara, kwa kuwa shilingi inaweza kushuka, asipuuzwe. Waagizaji wanakumbuka uhaba wa dola wa mwaka 2023 na 2024. Lakini shilingi ikishuka kiasi cha kufanya dola kuwa ghali kwa asilimia 10, gari la mfano wetu litapanda kwa kama milioni 2.4. Akiba ya riba ni zaidi ya milioni 5. Aliyesubiri bado yuko mbele, na katika mwaka huo mzima duka lake halikupungukiwa mzigo.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Mbachao wa mfanyabiashara ni rafu iliyojaa. Ikijaa kwa mwaka mzima huku fungu la gari nalo likijaa pembeni, basi aagize gari lake bila wasiwasi, na Jumapili apite nalo barabara ya Bagamoyo akiwa na amani moyoni. Jumatatu atafungua duka akiwa na mzigo wa kuuza.