Kulipa safari ijayo tungali majini

Sisi tunaotoka Kasongo na Kabambare na mchele mpaka Kindu, kisha kushuka Lualaba mpaka Ubundu, tunajua ile saa. Mzigo haujashuka bado, mwenye mashua anapita kati ya magunia: "Mama, lipa safari ijayo sasa, nitakupunguzia." Mwaka jana nilikubali. Siku ya kupanda tena, punguzo likawa la gunia moja tu, miye nikadaiwa nauli nzima.

Sasa nauliza kwanza. Punguzo ni la mtu ao la mzigo? Moteri ikikufa, faranga zinarudi mkononi, ao zinangoja mashua itengenezwe? Tena aandike: tarehe, hesabu ya magunia, saini. Akikataa, nitalipa Kindu siku ya kupakia, hata kwa bei kubwa.