Chokaa ya Pwani katika Matofali ya Kyumbi

Asafiriye kwa basi kutoka Mombasa, akifika Kyumbi pale njia ya Machakos inapochepuka, huona maduka yaliyopakwa rangi za makampuni, kila moja na yake. Lakini juma lililopita mimi nilishughulishwa na nyumba ya mpwa wangu.

Kaijenga kwa matofali ya kuchoma, kisha, kwa kuutamani weupe wa kwetu, akaipaka nje rangi ya mafuta. Masika mawili tu, rangi imefura malengelenge. Nilipolipasua moja kwa kucha, tofali la nyuma lilimumunyuka kama mkate wa juzi.

"Mjomba, wameniuzia rangi mbovu," akanilalamikia.

Rangi haina kosa. Tofali hunywa maji ya mvua na ya ardhini, na lazima liyateme. Rangi ya mafuta huliziba pumzi. Chokaa haizibi: ikishapakwa huvuta hewa ya ukaa, ikarudi kuwa jiwe, nalo lina vitundu vya kupumulia. Wazee wetu walichoma matumbawe, wakaizima chokaa kwa maji na kuiacha shimoni ikakomaa.

Basi tusiwacheke watu wa bara. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, lakini humo humo utakuta kuta za matumbawe zimelipuliwa saruji, unyevu na chumvi vimefungiwa ndani. Sababu ni kwamba chokaa yataka kurudiwa mara kwa mara. Zamani nyumba ilipakwa kabla ya Idi, watoto wakishika ndoo. Leo nyumba moja ina warithi wengi, kila mmoja amngojea mwenziwe, na saruji huonekana kazi ya mara moja. (Mwenye kulipia ukarabati wa pili ni nani, hilo haliulizwi.)

Kyumbi tulikwangua ukuta mmoja kwa brashi ya waya mpaka tofali likaonekana, tukauacha ukauke. Mfuko wa chokaa tuliununua dukani, tukairoweka pipani usiku kucha, tukaichuja kwa kitambaa. Macho tulijihadhari, kwani huunguza. Jioni, jua lilipopoa, tuliulowesha ukuta na kuupaka mkono mwembamba.

Ukaonekana kama uliopakwa maji matupu. Mpwa wangu akaguna, akaingia ndani kulala. Alfajiri, nilipotoka kutawadha, nilimkuta yuko nje, ameuegemezea kiganja ule ukuta mweupe.

"Tuupake tena leo, mjomba?"