INTANETI YA NYUMBANI IINGIE KATIKA MKATABA WETU

Ndugu wafanyakazi,

Katika kambi ninayokaa hapa Uganda, jua likishatua utawakuta watoto wa sekondari wameketi chini kando ya ua wa ofisi ya shamba. Wanne wameinamia simu moja. Karani mmoja mwenye moyo mwema amewapa neno la siri la intaneti ya ofisi, nao husoma hapo mpaka mbu wawafukuze. Karani huyo akienda likizo, masomo nayo huenda likizo.

Je, ndugu zangu, ni haki elimu ya mtoto wa mfanyakazi itegemee huruma ya mtu mmoja?

Tusisahau tuliyoyaona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mtoto wa meneja alisoma na mwalimu wake kwa intaneti, sebuleni. Mtoto wa mkata miwa alisikiliza redio, kama betri zilikuwapo. Wako walioshika panga wakaingia shambani kuwasaidia wazazi, na darasani hawakurudi tena.

Shule zimefunguliwa, lakini haja haikwisha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unamtaka mwanafunzi atafute habari mwenyewe na kufanya miradi. Serikali, kwa mfuko wa mawasiliano ya vijijini ulioanza 2003, imeweka vyumba vya kompyuta katika shule nyingi. Hilo tunalishukuru. Lakini kengele ya mwisho ikilia, chumba hufungwa kwa kufuli, na kazi ya nyumbani haina budi kufanywa nyumbani.

Na nyumbani kuna nini? Kuna simu ya baba na bando la kununua siku kwa siku. Mwaka 2021 data ya intaneti iliwekewa ushuru wa asilimia 12, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Sheria yenyewe iliisamehe data ya huduma za elimu. Lakini mzazi anaponunua bando, nani anamwuliza kama ni la hesabu au la mpira? Analipa sawasawa na wote. Na hayo katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kilitangazwa mwaka 1984, Shilingi 6,000 kwa mwezi!

Wapo wasemao tungoje msaada wa Serikali. Msaada ni mwema, lakini tujifunze kwa wengine. Mwishoni mwa 2021 Marekani ilianzisha mpango wa kuzipunguzia familia zenye kipato kidogo hadi dola 30 kwa mwezi katika malipo ya intaneti ya nyumbani. Familia zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Fedha zilipokwisha, Bunge lao halikuongeza, na tarehe 1 Juni 2024 mpango ukafa. Ikiwa ndivyo ilivyo katika nchi tajiri, sisi tutategemea nini?

Kwa hiyo rai yangu ni hii: intaneti ya nyumbani iingizwe katika mkataba wa hali bora za kazi, pamoja na nyumba, maji na matibabu. Penye ofisi yenye intaneti, njia imekwisha kufika shambani. Kuifikisha kambini ni kazi ya vifaa na nguzo chache. Mwajiri alipe laini moja kwa kila kambi. Kamati ya wafanyakazi itunze vifaa na kupanga saa za masomo. Kadhalika, viongozi wetu wa taifa walitake Bunge liondoe ushuru katika vifurushi vidogo wanavyonunua wanyonge.

Najua wengine mtasema: mshahara kwanza. Ni kweli, na tusiache kuudai. Lakini hata nyumba na zahanati za kambi zilidaiwa. Hazikunyesha kama mvua. Wengine wanaogopa kwamba watoto wataangalia upuuzi. Hofu hiyo ina maana, ndiyo sababu nasema kamati ipange saa na mzazi awe macho. Hatumnyimi mtoto kalamu kwa kuwa anaweza kuchora ukutani.

Wawakilishi wa matawi, kabla ya majadiliano yajayo hesabuni kambini mwenu: watoto wa sekondari ni wangapi, nyumba zenye umeme ni ngapi, intaneti ya ofisi inafika wapi. Kisha liandikeni dai hili pamoja na hesabu hizo. Mwajiri hupuuza manung'uniko. Hesabu iliyo mezani ni vigumu kuipuuza.

Karani wetu tunamshukuru sana. Lakini asiwe yeye ndiye mkataba wetu.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa shamba